Weka Alama: Maji au Maneno

Mimi sijawahi kushikwa na uongo hata siku moja. Uliza mtu yeyote. Najua kwa hii laini ya kungoja karani hakuna anayenijua, kwa hivyo mtaniamini tu. Karani wa chifu alisema ataanza kusajili mifereji saa mbili; sasa ni saa tatu unusu na chai yake bado inatoa moshi pale dirishani. Ukungu wa Molo umeshuka hadi magotini, malori ya viazi yanapita yakiwa yamewasha taa mchana, na mimi nimevuta kofia yangu ya marvin hadi kwenye nyusi kwa sababu ya baridi, si kwa sababu nyingine. Mwenye stoo ya viazi ninakofanya kazi amenituma nisajili mfereji wake. Basi sogeeni, niwaambie kwa nini tuko hapa na fomu mkononi. Ni habari ya Quincy, kijana wa saiba huko Bondeni, Nakuru, na ya mifereji iliyosema. Naijua yote. Na sina upande.

Quincy alikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa ndani ya Biblia ya nyanya yake, na mdomo ambao walimu watatu tofauti waliuandikia malalamiko kwenye ripoti ya shule. Angeweza kuiga mtu yeyote: mwalimu mkuu, mhubiri wa sokoni, mbuzi wa jirani. Tatizo lilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta, na kabla hajamaliza kuchekesha kicheko kilimtoka puani, kifupi, mara mbili, kama mtu anayejipigia makofi mapema. Akisema jambo la maana, watu walingoja mzaha uishe.

Alikuwa ameandikwa kazi na Bwana Gelle kwenye saiba ya chumba kimoja, kompyuta nne, mbili zikiwa za kupendezesha tu. Aliwachapia watu barua, akawajazia fomu za serikali, akawafotokopia vitambulisho. Kila siku saa saba Bwana Gelle alikwenda msikitini. Quincy alishusha mlango wa chuma hadi chini, akabaki peke yake na simu. Kwa nusu saa hiyo hakuwa Quincy. Alikuwa Mfereji Mkavu, ukurasa wa mtandaoni wenye picha ya mfereji uliojaa kutu na wafuasi elfu kumi na nane.

"Mtu asiye na jina hana shingo," alijiambia. "Watanishika wapi?"

Kabla ya kutuma chochote alikuwa na desturi moja. Alijisomea aliyoandika, polepole, kwa sauti ya kuazima, kwa sababu yake haikuweza kubeba uzito. Aliazima ya Kipngeno.

Kipngeno alikuwa plamba wa zile nyumba za kanjo, za baraza la mji, zile za zamani zilizojengwa kwa safu, mfereji mmoja katikati ya kila safu mbili. Sauti yake ilitoka tumboni, nzito na ya taratibu, sauti ambayo ukiisikia unasimama wima bila kujua kwa nini. Mabomba ya Bondeni yalizikwa kabla ya babu zetu kuoa na ramani yake ilishapotea, kwa hivyo Kipngeno alikuwa na njia yake ya kazi. Aliweka mdomo kwenye bomba upande huu akaita, "Alo, nani yuko hapo?" Upande wa pili mke wake, Chepkosgei, alitega sikio kwenye mfereji. Akisikia vizuri, bomba ni safi. Akisikia kwa mbali, kuna uchafu. Asiposikia kitu, limekatwa. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja, na mengi ya nyumbani walishayamaliza kupitia bomba.

Mwezi wa pili maji yalikatika. Wiki ya tatu Kipngeno alipanda hadi kwenye tangi kubwa, akaweka mdomo kwenye bomba kuu, akaita. Chini Bondeni, Chepkosgei hakusikia kitu. Lakini huko juu karibu na barabara kuu, mahali pa kuoshea magari, kijana mmoja alisikia mpira wake wa maji ukimuuliza nani yuko hapo.

"Niaje boss," alijibu ndani ya mpira. "Niko hapa naosha Prado."

Kipngeno alimsikia vizuri sana. Bomba lilikuwa safi.

Pale pa kuoshea magari, na malori ya maji yaliyoegeshwa nyuma yake, yalikuwa ya Meneja wa ofisi ya maji ya mtaa, ingawa ubao wa mlangoni uliandikwa jina la mama mkwe wake. Malori hayo ndiyo yaliyokuja Bondeni kila asubuhi kuwauzia watu maji yao.

Kipngeno ni mtu wa kufuata utaratibu. Alikwenda saiba, akamwambia Quincy amchapie barua kwa ofisi ya maji, aeleze yote: tangi, bomba, Prado. Aliweka jina lake kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu na namba ya nyumba.

"Si uache jina, mzee," Quincy alimwambia. "Andika tu 'mkazi mwenye uchungu'."

"Barua bila jina ni takataka," alisema Kipngeno. "Wataijibu aje?"

Barua ilipigwa muhuri: IMEPOKELEWA. Hayo ndiyo maji yaliyotoka.

Mwezi ulipokwisha, Quincy alianza kuandika habari hiyo mwenyewe, saa saba, mlango ukiwa chini. Hakumwambia Kipngeno. Aliandika hivi: "Habari za saa saba. Maji ya Bondeni yameonekana leo huko juu yakiosha gari la mheshimiwa. Yako na afya njema, yanawasalimu, yanasema msiyangoje kwa chakula cha mchana." Kesho yake akaandika kwamba Meneja amekunywa maji ya mtaa mzima hadi akitembea anasikika. Watu walicheka, wakatumiana. Hata Eldoret walicheka. Mfereji wa Bondeni ulibaki vile vile.

Kisha ikaja kanuni. Mnaijua, ndiyo imewatoa kitandani asubuhi hii. Wakati huo ilikuwa bado ya mtandao peke yake: kila ukurasa unaozungumzia mambo ya umma usajiliwe kwa jina, kitambulisho na barua ya chifu, ndani ya siku kumi na nne, kwa usalama wetu. Mfereji Mkavu haukusajiliwa. Siku ya kumi na tano, Alhamisi, ukafungwa.

Ijumaa saa saba Bwana Gelle alikwenda msikitini, mlango ukashuka, na vidole vya Quincy vikaenda kwenye simu kwa mazoea. Hakukuwa na pa kutuma. Aliandika upya ile habari yake ya kwanza mahali pa kuwekea orodha ya vitu vya dukani, chini ya "sabuni, unga, vocha". Akajisomea moyoni kwa sauti ya Kipngeno.

Nje, mfereji ulio kati ya safu ya pili na ya tatu ulikohoa, ukatema kutu, ukasema, "Habari za saa saba."

Umaima, anayeuza viazi karai kwenye kona, alikuwa pale na mtungi wake. Alikuwa akiufungua mfereji kila siku, jinsi mtu anavyopita kumjulia hali mgonjwa. Alipoona kuna kitu kinatoka, aliweka mtungi chini yake. Maneno yaliingia hadi yakafika shingoni, akafunga kifuniko, akabeba. Ulikuwa mwepesi. Jioni aliufungua aoshe viazi, mtungi ukasema yote tangu mwanzo hadi mwisho, na mume wake akamwomba apunguze sauti kwa sababu mtoto alikuwa na mtihani.

Ndani ya wiki moja mifereji yote sitini na minne ya nyumba za kanjo ilikuwa inasema, saa saba kamili. Watu walipanga mitungi mapema. Waliokuwa kazini waliwekewa. Wengine waliwatumia ndugu zao mitungi huko Bahati, ambako maji yapo lakini habari hazifiki haraka.

Na kila mtu alijua ni nani. Katika Nakuru nzima ni mtu gani mwingine anayeweka sauti ndani ya mabomba? Sauti ilikuwa yake, kazi ilikuwa yake. Kipngeno akipita, wanaume walimgonga bega.

"Plamba, leo umewapiga."

"Si mimi," alisema Kipngeno. "Mimi husema alo tu."

"Sawa, si wewe." Walimkonyezea. Umaima alimwongezea viazi na pilipili ya bure, na alipokataa, alimwekea mfukoni.

Quincy aliyaona hayo yote kutoka mlangoni kwa saiba. Alicheka kwa pua. Ilimpendeza, tuseme ukweli. Ilikuwa kama kuwa na koti la mtu mwingine siku ya mvua.

Meneja alikuja Bondeni na chifu, wakaitisha baraza chini ya tangi. Alipopanda jukwaani, kitu ndani yake kilisikika kama mtungi usiojaa vizuri. Watu walimpisha ili asimwagike.

"Uhuru wa kusema upo," alisema. "Hakuna mtu ameuondoa. Uko kwenye katiba, mimi mwenyewe nimeuona. Tunachotaka ni jina tu. Ukisema kitu kizuri, kwa nini ufiche jina?"

Mzee mmoja aliyekaa mbele aliinua mkono. "Na maji?"

"Hilo ni la idara nyingine, mzee."

"Idara gani?"

"Yangu. Lakini si leo."

Fomu zikagawanywa. Ni hizi hizi mlizo nazo. Jina, kitambulisho, namba ya mfereji, na pale chini: Matumizi ya mfereji, weka alama, maji au maneno. Watu wa Bondeni si wajinga. Waliona mtego uko wapi, wakaukwepa. Kila mmoja aliweka alama kwa maji, akatia sahihi.

Jioni hiyo Meneja aliandika ripoti kwamba mifereji yote sitini na minne ya Bondeni ina maji, kwa sahihi za wakazi wenyewe. Ripoti ilikwenda Nairobi, ikapigwa muhuri. Kwa hivyo kisheria Bondeni kuna maji tangu siku ile, na ukilalamika unapinga sahihi yako. Na kwa kuwa mifereji ilisajiliwa kwa maji, neno lolote litakalotoka humo limetoka bila leseni. Askari wa kanjo walipita na minyororo, wakaifunga yote kwa kufuli. Kesho yake saa saba ilisema ikiwa imefungwa, sauti ikiwa chini kidogo tu.

Jumatatu walimchukua Kipngeno. Walimkuta kazini, kichwa kikiwa ndani ya bomba, wakangoja amalize kusema alo. Walibeba spana yake. Walibeba simu yake, kabambe ya vitufe yenye tochi, ambayo namba tano yake ilikufa zamani. Na kwa faili wakaweka ile barua. Katika habari nzima ya maji ya Bondeni, tangu mwanzo, hilo ndilo lilikuwa jina pekee mtu aliwahi kuandika. Walikuwa wanatafuta jina, wakalipata pale pale walipolipigia muhuri.

Umaima aliitwa kituoni aandikishe taarifa.

"Hiyo sauti unaijua?"

"Ni ya Kipngeno, lakini yeye mwenyewe anasema..."

Koplo aliandika hadi kwenye koma, akampa kalamu atie sahihi.

Kuanzia Jumatatu ile mifereji ikanyamaza. Meneja alisema mnaona. Watu wa Bondeni nao walisema wanaona, nao walikuwa watu wazuri, walimpenda Kipngeno, lakini mfereji ukinyamaza siku mtu anaposhikwa utasema nini? Ukweli ni kwamba Quincy hakuwa ameandika kitu. Simu ilikaa kwenye droo, chini ya karatasi.

Siku ya korti alikwenda. Alikaa benchi la tatu kutoka nyuma. Kipngeno alikuwa kizimbani na viatu visivyo na kamba. Mbele ya hakimu, juu ya meza, kulikuwa na kielelezo cha kwanza: mfereji wa kati ya safu ya pili na ya tatu, uliokatwa pamoja na nusu mita ya bomba lake, bado una kufuli. Mwendesha mashtaka alisoma shtaka: kuchapisha maneno kupitia mfereji uliosajiliwa kwa maji. Akasema kwamba tangu mshtakiwa azuiliwe mifereji iko kimya, mheshimiwa, na hilo peke yake ni ushahidi.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Hapa nataka mnisikilize. Quincy alikuwa na simu mkononi. Alijua kitu kimoja ambacho hakuna mwingine alijua mle ndani: kwamba akiandika sentensi moja, yoyote, hata "sabuni, unga", mfereji ulio juu ya meza utaisema kwa sauti ya Kipngeno, na Kipngeno amesimama pale, midomo imefungwa, hakimu akimtazama. Kesi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Mtu angerudi nyumbani kwake. Kisha wangegeuka nyuma kutafuta ni nani ameshika simu.

Aliandika herufi moja. Mfereji ulikohoa. Kipande cha kutu kilianguka juu ya faili, na hakimu akainua macho.

Quincy akafuta ile herufi. Aliweka simu chini ya paja, akaikalia. Ilikuwa ya moto kama chapati.

Hakimu aliuliza kama kielelezo kina la kuongeza. Akangoja kidogo. Akaandika kwamba hakina. Dhamana ilikataliwa kwa sababu mshtakiwa anaweza kusema kupitia bomba lolote nchini, na kesi ikapangwa kusikizwa tena Alhamisi, wiki mbili baadaye. Kipngeno alisema, "Asante mheshimiwa," kwa ile sauti, na karani wa korti akasimama wima bila kujua kwa nini.

Msimhukumu Quincy. Ana nyanya anayemtegemea. Na tena, walioiba maji ni akina nani? Ni yeye? Huyo Meneja analala kwake, anaoga mara mbili kwa siku, halafu tutafute makosa kwa kijana wa saiba? Mimi hilo hunikasirisha sana. Mtu anaiba mto mzima, na wanaoandikishwa majina ni waliobaki na kiu.

Siku iliyofuata Chepkosgei alikuja saiba. Alitaka kuchapiwa barua ya kuomba dhamana tena. Quincy aliichapa, kurasa mbili, "mume wangu hajawahi kumiliki simu ya kuandikia", na mifereji haikusema hata neno, kwa sababu ilijua kutofautisha kazi ya ofisi na maneno yake mwenyewe. Alipomaliza, mama alifungua kibeti.

"Wacha tu, mathe," alisema Quincy. "Hiyo ni sawa."

Chepkosgei alimwangalia kidogo, akafunga kibeti, akaenda.

Saa saba ikafika, Bwana Gelle akaenda msikitini. Quincy alishusha mlango, akakaa sakafuni nyuma ya mashine ya fotokopi, akalia. Si sana. Alijipangusa na karatasi ya kuchapia, ambayo haifyonzi machozi, inayasambaza tu hadi masikioni. Alitoa simu kwenye droo, akaifungua, akaangalia pale palipoandikwa sabuni, unga, vocha. Hakuandika kitu. Kesho yake hakuja kazini. Wengine wanasema alienda Naivasha, wengine Kisumu. Hajulikani aliko. Na kanuni ilifaulu vizuri Bondeni hivi kwamba sasa imeletwa kwa mifereji yote, ndiyo maana tuko hapa kwa ukungu. Hadithi imeishia hapo. Laini inasogea, mzee, chukua hatua.

"Umesimulia vizuri," alisema mama mmoja nyuma, watu wawili kutoka kwangu. Alikuwa amejifunika shali hadi puani, na sikuwa nimegeuka muda wote kwa sababu upepo ulitokea upande huo. Mkononi alikuwa na mtungi wa manjano. "Ni kitu kimoja tu sijaelewa, kijana."

"Uliza, mathe."

"Hiyo karatasi ya kuchapia. Nani alikuambia haifyonzi machozi?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Mlango ulikuwa chini. Gelle alikuwa msikitini."

Nikacheka. Ni mazoea, hunitoka tu.

Yule mama alishusha shali. Alikuwa Chepkosgei.

"Nimekuja kwa mama yake Kipngeno," aliwaambia walio karibu, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia. "Hajamsikia mtoto wake tangu ashikwe. Nikamletea huu mtungi. Niliujaza siku ile ya kwanza, nimekuwa nikiufungua kila siku nikipika, nisikie nyumba ina mtu. Jana mama aliusikiliza mara moja tu. Akaniambia, funga. Sauti ni ya mtoto wangu, lakini kicheko si chake."

Alifungua kifuniko. Sauti ya Kipngeno ilitoka, nzito, ya taratibu, ikasema habari za saa saba, ikasema maji ya Bondeni yameonekana leo huko juu. Na kabla tu ya gari la mheshimiwa, kicheko, puani, kifupi, mara mbili.

Mzee aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaangalia marvin yangu, akaangalia mtungi. "Ni yeye," alisema, akageuka tena mbele asipoteze nafasi yake.

"Hukuchukua pesa ya karatasi," Chepkosgei aliniambia. "Gelle humlipisha hata imamu. Nilijua siku ile kuna kitu. Sikujua ni hiki."

"Mathe, mimi nina nyanya."

"Najua. Umetuambia."

Laini ilisogea, nikajikuta mbele ya meza. Karani alikuwa amemaliza chai. Hakuniangalia. "Jina la aliyeleta fomu?"

"Oduor," nilisema.

"Andika Quincy," alisema Chepkosgei nyuma yangu.

Karani aliandika Quincy. Pembeni yake, ukutani, mfereji wa ofisi ulikuwa umeshafungwa mnyororo mpya, bei bado imening'inia. Nilitazama fomu yangu ili niweke alama, nikakuta imeshawekwa. Karani alikuwa ameziwekea zote alama, rundo zima, maji, ili kazi iende haraka. Alipiga muhuri akaita anayefuata.

Aliyefuata hakusogea, kwa sababu Chepkosgei alikuwa amepita mbele yake na kunishika mkono wa koti. Simu ilikuwa mfukoni upande ule ule. Ilikuwa imeanza kupata moto.

"Kesho ni Alhamisi," alisema, akikaza kifuniko cha mtungi kwa mkono wa pili. "Saa tatu tuko korti. Utakaa benchi la mbele, na utaandika. Na kabla ya kuandika utacheka kwanza, hakimu asikie."